Sadaka Haifuti Deni

Neno letu la leo latoka Injili ya Luka, sura ya 19, mstari wa 1 hadi wa 10: habari za Zakayo.

Katika Kibera na Kawangware twaona vibao vingi ukutani: darasa hili limejengwa na fulani, tangi hili la maji ni zawadi ya fulani. Twashukuru, maana mtoto anywaye maji safi haumwi tumbo. Lakini liko swali: Je, tajiri akitoa mamilioni, hayo yafuta dhuluma iliyotendeka alipokuwa akiyatafuta?

Tuchukue mfano. Desemba 2015, Mark Zuckerberg, mwenye Facebook, na mkewe Priscilla Chan, waliahidi kutoa katika maisha yao hisa 99 katika kila 100 walizokuwa nazo, zilizokadiriwa wakati ule kuwa dola bilioni 45. Ni ahadi kubwa. Lakini hapa Nairobi, kampuni ya Sama, iliyoanza mwaka 2008 kama shirika la kuwainua maskini kwa kazi za kompyuta, ilipewa kazi na Facebook. Vijana walitazama kutwa picha za mauaji na unajisi ili ziondolewe, sisi tusizione. Februari 2022 gazeti la Time liliandika kwamba baadhi yao walipata kama dola moja na nusu kwa saa. Mwaka 2023, vijana 184 walikwenda mahakamani wakisema wameachishwa kazi kinyume cha sheria. Desemba 2024 ilijulikana kwamba daktari aliyewapima alikuta zaidi ya 140 wameumia akilini. Kampuni hizo zilipinga madai. Na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema mwenye Facebook, kampuni ya Meta, yaweza kushtakiwa hapa Kenya. Hukumu ni ya mahakama, si yetu.

Letu ni swali la moyo. Zakayo alisema maneno mawili, wala si moja. Nusu ya mali yake aliwapa maskini: hiyo ni sadaka. Tena kila aliyemdhulumu aliahidi kumrudishia mara nne: hilo ni deni. Hakutumia la kwanza kulipia la pili. Maskini wa Yeriko aliyepata mkate huenda siye yule aliyetozwa kupita kiasi. Deni hulipwa kwa mwenyewe, mlangoni pake.

Basi, ndugu, tusiwanyoshee kidole matajiri wa mbali peke yao. Kila alfajiri kina mama hutoka Kawangware kwa miguu kwenda kufua nguo Lavington. Wako waajiri wanaoleta bahasha nene ya shukrani Jumapili, na ujira wa mama huyo wa mwezi uliopita wangali wameushika. Yakobo 5:4 yatufundisha kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Mungu. Kwaya zetu haziwezi kukizima.

Na sisi wachungaji na wazee wa kanisa, tupokeapo mabati na madawati, tusiuze ulimi wetu. Tushukuru kwa msaada, kisha tuulize habari za wafanyakazi.

Juma hili, kabla hatujatoa sadaka, tujiulize: ni nani anayetudai? Tumwendee huyo kwanza.

Mungu atupe moyo wa Zakayo. Amina.