Mshahara wa mtoto ni wa nani?

Juma hili napenda tuzungumze juu ya zile fedha ndogo ndogo ambazo mtoto wa miaka 14, 15 au 17 anazichuma kwa mikono yake. Je, fedha hizo ni zake, au ni za baba na mama yake?

Swali hili linatuhusu sana sisi wa huku Ufipa. Msimu wa kulima unapofika, utawaona vijana wadogo kule Laela, Matai na Namanyere wakiongoza maksai mbele ya plau, wakilima shamba la jirani kwa malipo. Wakati wa mavuno hupukuchua mahindi ya watu na kupura ulezi. Wapo pia wanaochunga ng'ombe wa wenzao mwaka mzima. Na wapo mabinti, ambao ndio hasa ninaotaka kuwazungumzia leo, wanaopandishwa basi hapa Sumbawanga kwenda Mbeya au Dar es Salaam kufanya kazi za ndani.

Mapatano ya kazi hiyo mara nyingi huwa mafupi. Mama mwenye nyumba huongea na baba wa binti kwa simu, wanakubaliana kiasi, na kila mwisho wa mwezi fedha zinatumwa kwenye simu ya baba. Binti anapewa chakula, sabuni na nguo zilizokwisha kuvaliwa. Baada ya miaka miwili anarudishwa nyumbani na begi lile lile alilokwenda nalo. Akiuliza mshahara wake anaambiwa, "Si ulitumwa kwa baba yako?" Akimwuliza baba anajibiwa, "Nani aliyekulea?" Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu amechuma juani, na kivulini wameketi wengine.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inasema mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Haikumkataza mtoto kazi zote. Aliyetimiza miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi, isiyodhuru afya yake wala kumzuia kwenda shule. Kumwajiri aliye chini ya umri huo ni kosa. Kazi ya usiku, tangu saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, hairuhusiwi. Na mtoto anapofanya kazi, ana haki ya kulipwa ujira unaolingana na thamani ya kazi yake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi mwenyewe fedha taslimu, au akikubali, aziweke katika akaunti ambayo mfanyakazi ameitaja kwa maandishi. Basi wewe mama wa mjini unayesema, "Mimi nimekwisha maliza, nimetuma kwa baba yake," bado hujamaliza.

Najua wazazi wengine watanung'unika. Watasema kulea ni gharama, mbolea ni ghali, na mtoto mwema huwasaidia wazee wake. Hayo ni kweli. Sheria hiyo hiyo ya Mtoto inamwagiza mtoto awaheshimu wazazi na kuwasaidia wanapokuwa na shida. Lakini inamwagiza pia mzazi ampe mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Huo ni wajibu, nao hauwi mkopo wa kudaiwa baadaye. Hakuna mtoto aliyezaliwa na deni. Tena, kusaidia maana yake ni kutoa, na hatoi mtu asichokuwa nacho mkononi. Ukimnyang'anya mtu kisha ukamsifu kwa ukarimu, umemdhihaki.

Je, mzazi amevuliwa madaraka? La hasha. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo kisheria wa kufunga mkataba peke yake. Ndiyo maana akaunti ya mtoto benki husimamiwa na mzazi au mlezi. Mzazi ana haki ya kujua mtoto amepata nini, na kumwongoza asizitapanye. Ila sisi Wafipa tunayajua maghala: aliyeshika ufunguo wa ghala si lazima awe ndiye mwenye mahindi.

Na hilo linawahusu hata yatima. Baba akifariki, mara nyingi ndugu huja kuchukua maksai na shamba, "kwa kuwa watoto bado wadogo." Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya marehemu mzazi wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake na watoto haki ya ardhi. Baba mdogo naye ameshika ufunguo tu.

Tufanyeje basi? Kwanza, kabla ya kumkatia binti tiketi ya basi, hapana budi kuuliza kama ana nafasi shuleni. Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na hadi kidato cha sita tangu mwaka 2022. Najua sare na madaftari bado vinagharimu, lakini sababu ya ada imekwisha. Pili, akienda kazini, mapatano yaandikwe, na binti mwenyewe awepo na aseme. Akitaka kumtumia mama yake sehemu ya mshahara, kiasi kitajwe, na kinachobaki kiwe chake. Tatu, aliyedhulumiwa asikae kimya. Aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au ofisi ya kazi, au apige simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto na haina malipo.

Nawaomba wazazi wenzangu, mwezi huu fedha zikiingia kwenye simu kutoka mjini, kabla ya kuzitoa mpigieni binti yenu kwanza, mkamwulize yeye alitaka azifanyie nini. Hadi juma lijalo, kwaherini.