Beringi ya Klachi: Maneno kwa Wanachama wa Garissa



Sisi waendesha pikipiki wa Garissa twala kwa klachi. Ikilia tunapoibana, ikanyamaza tunapoiachia, basi huenda beringi yake imekwisha.

Kinga ni hii: waya wa klachi tuuache ulegee milimita 2 au 3 penye mkono wake. Ukikazwa sana, beringi hubeba mzigo mchana kutwa.

Tukiibadili, tumwage oili kwanza, tufungue kifuniko ndani ya banda, maana mchanga wetu hauna huruma. Boliti za springi tuzilegeze kidogo kidogo kwa zamu. Beringi mpya izunguke kidoleni bila kukwaruza.

Na gharama? Alipe mwenye chombo, isikatwe katika riziki yetu. Tupatane naye mapema, kabla chombo hakijaharibika.

Umoja ni nguvu.