Mzee wa St Andrews

Somo: 2 Samweli 12:15–23



Mchezo wa gofu wengi wetu tumeuona kutoka nje ya ua tu, tukipita kwenda kazini. Hata hivyo asubuhi ya leo nawaomba twende wote mpaka Uskoti, katika mji wa St Andrews ulio kando ya bahari, ambako mchezo huo umechezwa kwa mamia ya miaka, tukatazame picha mbili.

Ya kwanza ilichorwa na Charles Lees mwaka 1847. Mabwana wenye kofia ndefu wamelizunguka shimo, kipira kinaviringika, shingo zimenyoshwa. Yumo hata msichana anayeuza kinywaji cha tangawizi. Ya pili ilichorwa na Sir George Reid mwaka 1903, nayo ina mtu mmoja tu, mzee wa ndevu nyeupe, Tom Morris.

Mzee huyu alishinda mashindano makuu ya Uingereza mara 4, mara ya mwisho mwaka 1867 akiwa na miaka 46. Mwaka uliofuata ubingwa ukachukuliwa na mwanawe, naye akiitwa Tom, kijana wa miaka 17. Kijana akashinda mara 3 mfululizo, hata mshipi wa ushindi ukawa mali yake, na mwaka 1871 mashindano hayakufanyika kwa kukosa zawadi ya kushindania! Mwaka 1872 akashinda tena. Baba gani asingefurahi?

Septemba 1875 baba na mwana walikuwa wakicheza upande mmoja huko North Berwick, ng'ambo ya ghuba. Ikaja telegramu: mke wa kijana yu katika uchungu wa kuzaa, na hali yake ni mbaya. Wakavuka kwa mashua. Walipofika, mama na mtoto walikuwa wamekwisha kufa. Na siku ya Krismasi mwaka huo huo kijana naye akafa, umri wake miaka 24. Watu walisema ni moyo uliovunjika. Inasimuliwa kwamba mzee alijibu kuwa kama moyo uliovunjika ungeweza kuua, yeye naye asingekuwapo.

Vyama vya gofu vikachanga fedha, na sanamu ya kijana ikachongwa makaburini, fimbo mkononi. Na baba je? Alirudi kazini. Tangu 1864 alikuwa mtunzaji wa uwanja ule, na kazi yake kubwa ilikuwa kumwaga mchanga juu ya majani ili yaote vizuri. Jumapili aliufunga uwanja, akisema ardhi nayo yahitaji kupumzika, akaenda kanisani. Hata leo uwanja huo hufungwa Jumapili, ila wakati wa mashindano makubwa, na watu hutembea humo na watoto wao.

Ndugu zangu, sisi wachungaji tukisimama kaburini huwa na haraka ya kusema mengi. Daudi mtoto wake alipokufa, hakusema mengi. Alioga, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana akaabudu, kisha akaomba chakula. Watumishi wake wakashangaa. Lakini alijua kwamba yeye atamwendea mtoto, mtoto hatamrudia.

Mtu asikuambie kwamba kwa kuwa Daudi alikuwa amekosa, basi nawe umefiwa kwa sababu ya kosa lako. Bwana wetu aliwakataza wanafunzi wake hesabu ya namna hiyo, walipomwona yule aliyezaliwa kipofu.

Labda wanisikiliza katika nyumba ambamo asubuhi hii kikombe kimoja hakikutolewa kabatini. Ng'ombe wanangoja kukamuliwa, au basi la kazini linakuja. Nenda, mama. Nenda, baba. Machozi yakikujia njiani, yaache yaje.

Tuombe.

Ee Baba, uliyemwona Mwanao akifa, uwe karibu na waliofiwa na watoto wao. Uwape nguvu za kuoga, na kula, na kushika jembe leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.