Visa ya Likizo na Kazi: Tuulize Kabla ya Kukodisha Shamba

(Mazungumzo na wazazi na vijana katika ukumbi wa kanisa, Gesima)

Najua wengine mmeacha majani ya chai hayajachumwa.

Nimeombwa niseme juu ya vijana wetu kwenda ng'ambo. Sikuja kumkataza mtu. Kijana amemaliza shule, kazi hakuna, na shamba la baba limegawanywa mpaka limebaki kama kitambaa cha meza. Akitaka kusafiri, si kosa. Lakini kuna jambo limenisumbua, na afadhali niliseme wazi.

Juzi mama mmoja alikuja ofisini na karatasi. Kijana wake wa miaka 23 alikuwa ameahidiwa na wakala visa ya "likizo na kazi" ya Australia. Bei ni shilingi 350,000. Walikuwa wamekwisha kutoa 80,000, pesa ya bonasi ya chai. Sasa mama alitaka kukodisha chai iliyobaki kwa miaka mitano ili amalize deni. Akaniuliza, "Madam, hii karatasi ni ya kweli?"

Nilimjibu hivi, na ninyi mnisikilize. Visa ya namna hiyo iko, si hadithi. Australia huwapa vijana wa kuanzia miaka 18 hadi 30, na kwa nchi chache hadi 35. Kijana hukaa mwaka mmoja, anatembea na huku anafanya kazi ili ajikimu. Kwa kawaida haruhusiwi kukaa kwa mwajiri mmoja zaidi ya miezi sita. Ombi hulifanya mwenyewe, kwa serikali yao.

Lakini visa hii hutolewa kwa mapatano baina ya nchi na nchi. Wanaangalia pasipoti kwanza. Nchi zilizopatana na Australia zimeandikwa kwenye orodha, na Kenya haimo. Hata uwe na elimu ya namna gani, hata ulipe milioni moja, pasipoti ya Kenya haikufikishi hapo. Basi wakala anauza nini?

Mzee mmoja hapa atasema, "Lakini mtoto wa jirani alienda Uingereza kwa njia hiyo hiyo." Ni kweli, mzee, hukukosea. Zamani Uingereza ilikuwa na mpango wa likizo na kazi kwa vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola, na sisi tulikuwa ndani. Kijana alikaa hadi miaka miwili. Mpango huo ulifungwa Novemba 2008, ukaja mwingine unaochagua nchi. Ulianza na Australia, Kanada, Japani na New Zealand. Nyingine zimeongezwa baadaye, lakini Kenya haikuongezwa. Mlango tulioujua umefungwa, ila habari zake bado zinatembea vijijini, na walaghai wanazitumia.

Kuna ujanja mwingine. Unaambiwa, "Nenda na visa ya utalii, kazi utapata ukifika." Visa ya utalii si kibali cha kazi. Ukikamatwa unarudishwa, na usipokamatwa, tajiri anaweza kukunyima mshahara kwa sababu anajua huwezi kwenda kushtaki.

Wasichana, hili ni lenu hasa. Mwaka 2024 magazeti ya dunia yalieleza habari za mpango wa Alabuga, huko Tatarstan nchini Urusi. Wasichana wa Afrika wa miaka 18 hadi 22, Wakenya wakiwemo, walitangaziwa kwenye simu tikiti ya bure, mshahara na masomo. Walipofika, wengine walijikuta kiwandani wakiunganisha ndege za vita zisizo na rubani. Mtu akikulipia kila kitu, muulize kazi yenyewe ni ipi, na mahali gani.

Sasa milango iliyo wazi. Ujerumani inapokea vijana wanaokaa na familia na kusaidia kutunza watoto, wale wanaoitwa opea. Uwe hujafika miaka 27, na ujue Kijerumani cha kuanzia, kiwango cha A1. Muda hauzidi mwaka mmoja. Unapata chakula, chumba na pesa ya matumizi, lakini si mshahara wa kujenga nyumba. Tena Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mapatano juu ya wafanyakazi. Hapo uvumi ukaenea kwamba kuna nafasi 250,000. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha: mapatano hayana idadi yoyote. Anayekuambia amekuwekea nafasi yako katika hizo anakudanganya.

Kwa kazi ya mkataba, sheria yetu inatusaidia tukiijua. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na Afisa wa Kazi. Yeye lazima aridhike kwamba umeuelewa, hukulazimishwa wala kudanganywa, na afya yako inafaa. Mawakala nao huandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, uliza haya. Kwanza, visa hii inaitwaje, na Kenya imo kwenye orodha ya ubalozi? Pili, wakala ameandikishwa? Usitosheke na cheti cha ukutani, kihakikishe kwa Mamlaka. Tatu, mkataba uko wapi, na Afisa wa Kazi ameuona? Nne, nakala ya pasipoti na ya mkataba imebaki kwa nani hapa nyumbani?

Mnauliza yule mama iliishaje. Shamba hakulikodisha. Zile 80,000 hazijarudi. Wakala amebadilisha namba ya simu, na tumeandikisha habari polisi. Kijana alinikasirikia wiki mbili, akasema nimemfungia njia. Siku hizi anaulizia gharama ya masomo ya Kijerumani.

Mwenye karatasi kama ile asione haya. Ailete ofisini tuisome pamoja. Hakuna malipo.