TAHADHARI KATIKA KUIANDIKIA KOMPYUTA AMRI

Chama kinachotunza hesabu za mazao katika kompyuta hakina budi kujua skripti ni nini. Ni faili lenye amri ambazo mashine huzitekeleza moja baada ya nyingine. Humpunguzia katibu kazi za kila jioni. Lakini amri ya kufuta haisamehi.

Mnamo Januari 2015 kasoro ilifichuliwa katika skripti ya Steam, programu ya michezo ya kampuni ya Valve ya Marekani, katika mfumo wa Linux. Skripti ilikusudiwa kufuta vilivyomo ndani ya folda yake tu. Mtumiaji mmoja alipoihamisha folda hiyo, jina lake halikupatikana. Mahali pa jina pakabaki patupu, na amri ikawa ya kufuta kila kitu. Mafaili yake yakatoweka, pamoja na nakala za akiba zilizokuwa katika diski ya nje iliyounganishwa.

Mafunzo ni haya. Kwanza, skripti ihakikishe kwamba jina si tupu. Likiwa tupu, isimame. Pili, ijaribiwe juu ya nakala, nayo ionyeshe orodha ya yatakayofutwa. Tatu, ikitengenezewa dirisha lenye vitufe, swali la kuthibitisha litaje folda na idadi ya mafaili. Nne, diski ya akiba ichomolewe na kufungiwa kabatini.

Daftari likifutika, mkulima atadai malipo yake kwa ushahidi gani?