Je, Mbegu Hii Ni Hai?

Wazazi, ada mliyolipa leo mnaiona imevaa joho. Sasa niruhusuni niseme na hawa wanangu, walimu wapya wa sayansi.

Maisha yangu ya kazi yamepita katika maabara ya mbegu. Naletewa mfuko wa mahindi, maharage au mtama, na swali ni lile lile: hizi ni hai au zimekufa? Mkulima akipanda mbegu mfu amepoteza mvua za msimu mzima, na mvua hairudishwi dukani.

Ndiyo maana nina lalamiko. Watoto tunawakaririsha sifa saba za viumbe hai: kula, kupumua, kukua, kujongea, kuhisi, kuzaliana, kutoa takamwili. Mtihani unasema, "Taja sifa saba", mtoto anazitaja, anapata alama zote. Mpe punje kavu ya hindi, muulize kama ni hai. Atasema si hai. Na kwa orodha ile tuliyompa, ana haki! Punje haijongei, haili, haikui.

Niliwahi kualikwa darasani, nikawataka watoto wathibitishe kwamba pikipiki si kiumbe hai. Kijana mmoja akasimama kuitetea pikipiki kama wakili. Inakula petroli. Inavuta oksijeni, inatoa kabonidioksidi. Inajongea. Moshi ni taka zake. Ukiigusa honi inalia, basi inahisi. Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Binti wa nyuma akasema, "Lakini haizai." Kijana akamjibu, "Baghala naye hazai." Kweli kabisa: baghala, mtoto wa punda na farasi, kwa kawaida ni tasa, na yu hai bila shaka yoyote.

Mwalimu wao alitaka kuwanyamazisha ili warudi ubaoni. Nikamsihi awaache, maana somo ndiyo kwanza lilikuwa limeanza. Tukaulizana: petroli inakwenda wapi? Inaungua, inaisha. Haigeuki kuwa tairi, wala haizibi mkwaruzo kwenye tangi. Ndama akila nyasi, nyasi zinakuwa nyama, mfupa na kwato. Akijikata, jeraha linajifunga. Kiumbe hai hujijenga mwenyewe kwa kile anachokipata, seli kwa seli, kwa maelekezo aliyorithi kwa wazazi wake. Tusipomfikisha mtoto hapo, zile sifa saba hazimsaidii kitu.

Na mbegu je? Ndani ya punje kuna kiinitete ambacho seli zake zimepunguza kazi hadi karibu kusimama. Kwa macho hutajua. Sisi tunailoweka mbegu, tunaipasua kwa wembe, tunaitia katika maji ya dawa iitwayo tetrazoliamu, ambayo haina rangi. Seli zinazopumua hutoa haidrojeni, na haidrojeni hiyo huigeuza dawa kuwa nyekundu. Baada ya saa kadhaa kiinitete kilicho hai kimekuwa chekundu. Kilichokufa kimebaki cheupe. Nimeuona wekundu ule maisha yangu yote na bado unanifurahisha.

Tena si mbegu peke yake. Katika vidimbwi vya juu ya miamba huko Nigeria, Uganda na Malawi anaishi lava wa mdudu mdogo asiyeuma, Polypedilum vanderplanki. Jua likikausha kidimbwi, naye hukauka, mwilini yakabaki maji kama asilimia 3 tu. Hali, hapumui kwa kiwango cha kupimika. Mvua ikinyesha, anaanza kujongea tena. Kuna waliokaa wakavu miaka 17 wakaamka.

Mtaulizwa pia kuhusu virusi. Mwaka 1935 Wendell Stanley alivipata virusi vya ugonjwa wa tumbaku katika umbo la fuwele, kama kitu kisicho hai, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kama virusi ni viumbe hai. Mwambieni mtoto hivyo hivyo, kwamba wanabishana. Mkimficha ubishi huo mnamdhulumu.

Wala msiseme shule haina maabara. Tafuteni punje 100 za mahindi ya mbegu, kitambaa, maji, na mahali penye joto. Punje 10 nyingine zichemsheni, mziweke kwenye kitambaa cha pili. Kabla ya chochote kuota, kila mtoto aandike anachotarajia na kwa nini. Hesabuni siku ya nne, kisha siku ya saba. Maabara zetu hupima mbegu 400 kwa mafungu ya 100, lakini kwa darasa fungu moja linatosha. Msizimwagie maji kupita kiasi. Mbegu iliyozama hukosa hewa ikaoza, kisha mtasema ilikuwa mfu.

Zikiota 60 tu kati ya 100, watoto wapeleke habari nyumbani kabla ya kupanda. Mzazi atafute mbegu nyingine, au aongeze punje kila shimo. Yupo mkuu wa shule atakayewaambia ratiba haina nafasi ya kitambaa na mahindi. Mwombeni tena wiki inayofuata, na mkiweza mchukueni akahesabu pamoja na watoto.