Ugonjwa wa Kutetemeka: Dawa Mbili Katika Kidonge Kimoja
(Mazungumzo na jumuiya ndogo ndogo)

 

Leo tuongee juu ya ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson. Tukiwatembelea wagonjwa nyumbani, tunasikia: "Ati huyu mzee amerogwa." Jamani, hapana. Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huu tangu mwaka wa 1817. Papa Yohane Paulo wa Pili aliishi nao miaka mingi hadi alipofariki mwaka wa 2005. Je, naye alirogwa?

Ubongo hutengeneza kitu kiitwacho dopamini, kinachosaidia mwili kwenda vizuri. Kwa mgonjwa huyu, chembe zinazokitengeneza hufa polepole. Basi mkono unatetemeka, mwili unakakamaa, na anatembea akiburuta miguu.

Mtauliza, mbona asipewe hiyo dopamini yenyewe? Akiimeza haiwezi kuingia ubongoni. Kwa hiyo anapewa levodopa, ambayo huingia, na ubongo huigeuza kuwa dopamini. Lakini levodopa ikiwa peke yake, sehemu kubwa hugeuka mwilini kabla ya kufika ubongoni, na mgonjwa anatapika. Ndiyo sababu, tangu miaka ya 1970, huchanganywa na kabidopa. Kazi ya kabidopa ni kuilinda levodopa njiani. Hivyo kiasi cha levodopa kinachohitajika hupungua kwa karibu robo tatu.

Wengine wanatumia mbegu za upupu. Ni kweli zina levodopa, lakini hazina kabidopa, wala hujui umekula kiasi gani. Usizichanganye na vidonge bila daktari kujua.

Sasa nyinyi mnaowatunza wagonjwa, shikeni haya manne:

1. Dawa inywewe kwa saa zile zile alizoandika daktari.

2. Inywewe nusu saa kabla ya kula au saa moja baadaye. Nyama, mayai na maharagwe vinaweza kuizuia. Akisikia kichefuchefu, apewe kitu kidogo kama biskuti.

3. Ukinunua dawa ya kuzuia kutapika, taja ugonjwa wake kwanza. Metoklopramaidi hupingana na dopamini, na inaweza kumzidishia kutetemeka.

4. Msiache dawa ghafla. Najua pesa ni shida, na wengine huacha vidonge viishe wakingoja mavuno. Mgonjwa akikatiwa ghafla anaweza kupata homa kali, kukakamaa, kuchanganyikiwa, hata kufa. Vikibaki vya wiki mbili, leteni habari kwenye jumuiya. Tusingoje kuchanga pesa za mazishi, na hali pesa za dawa zingetosha.

Dawa hii haiponyi ugonjwa. Lakini inaweza kumsaidia mzee kufunga vifungo vya shati lake, kushika kikombe chake na kutembea hadi kanisani. Hilo si jambo dogo.